Mmoja Chini, Mmoja Juu

Niliandika kadi kwa wino mzito,
nikaibandika kwa muuza chambo, Falmouth,
kati ya tangazo la paka aliyepotea
na la godoro lisilolaliwa sana:
Natafuta mwenza wa kupiga mbizi kwa pumzi moja.
Bunduki ya mshale ninayo. Suti ya milimita saba ninayo.
Mtu sina.

Wiki tatu kimya.
Kisha akaja kijana aliyetaka kamera izame kabla yake.
Kisha Jago, fundi bomba, mabega kama mlango:
miaka kumi anazama peke yake na hajafa,
akalisema hilo kana kwamba kutokufa ni cheti.
Sasa mimi wa nini?
"Wa kubeba samaki."
Nikamlipia chai, nikaondoka.

Wa tatu alikuja na baiskeli ya posta.
Tamsin Rowe, sitini na mmoja,
magoti yanalia kama bawaba.
Hakuniuliza nashuka mita ngapi. Aliniuliza:
"Unaweza kumtazama mtu dakika mbili
bila kuwaza jambo lingine?"
Nikasema naweza.
Nilidanganya. Mimi ni mtu wa zamu za usiku,
nafua mashuka ya hospitali,
na akili yangu huzunguka pamoja na mashine.

Machi. Maji nyuzi tisa.
Aliegesha gari mbali, karibu na zizi la kondoo,
tukatembea mapezi kwapani
ili wenye macho wasijue tunashukia wapi.
Mahali penyewe ramani haipajui.
Yeye hupaita Kabati.
"Ukimleta mtu hapa, barua zako zote
nitazipeleka Truro."

Alinimiminia maji moto ya chupa ndani ya glavu.
Joto la mkopo, akasema, na bahari hudai riba.
Kweli: baridi ya huku haibishi hodi.
Ilinishika taya, ikanikaba paji la uso,
nikasahau hata neno la kulalamikia.

Akashuka.
Mwani ulimfungukia, ukafunga.
Nikahesabu. Thelathini. Thelathini na tano.
Arobaini, na hapo mawazo yakaniponyoka:
mashuka, kodi ya nyumba, simu ya dada ambayo sijaipokea.
Nilipomrudia hayupo.
Boya la chungwa limetulia kama tunda mezani.
Hamsini. Hamsini na tano.
Nilimwona Jago pale chini, sijui kwa nini Jago,
amekaa juu ya mwamba na cheti chake.

Kumbe Tamsin yuko nyuma ya bega langu,
ameibuka zamani, ananitazama mimi.
"Uliniachia wapi?"
"Arobaini."
"Basi kesho tunaanzia arobaini."

Siku ile hatukupiga hata samaki mmoja.
Ya pili vilevile. Ya tano nikakosa polaki
mrefu kama mkono, nikacheka ndani ya mrija,
nikameza chumvi.

Sheria yake ni hii: ukiibuka, sema neno,
na aliye juu asikuondolee macho
mpaka nusu dakika ipite,
maana wengi hawazimikii chini.
Huzimikia hapa, juani, wakitabasamu.
Midomo yangu ilikuwa ubao, Kiingereza kikagoma.
Nikasema, "Nipo."
Ndiyo nini?
Ndivyo tulivyojibu darasani majina yakiitwa.

Sasa ni Juni. Maji yamepanda nyuzi nne,
yeye anayaita supu.
Polaki wetu tunampasua juu ya ukuta wa mawe;
kichwa anachukua yeye, hataki mjadala.

Ila kabla ya hapo, kila mara,
mwani unafunguka, kofia nyeusi inatokeza,
uso umekunjamana kama bahasha iliyolowa.
Anavuta hewa. Anavuta tena.
"Nipou," anasema, kwa lafudhi yake ya Koni.

Sijibu.
Bado sekunde ishirini na sita za kumtazama.